Sahani Zinazozunguka na Sinia la Mji wa Kale



Wiki hii hatukusafiri mbali. Safari yetu ilianza na kwisha ndani ya kisiwa hiki cha Mvita, na lau si kurudi na njaa tusingalikuwa na haja ya kuieleza. Binti yetu amepata kazi, alhamdulillah, katika afisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wake wa kwanza ulipoingia alitangaza kwamba Jumamosi hiyo meko yasiwashwe nyumbani, chakula cha usiku ni juu yake. Tulikuwa sita: sisi wenyewe, ahli wetu, mama yetu mzazi aliyekwisha kupita miaka 80, binti mwenyewe, kaka yake, na mtoto wa huyo kaka, mvulana wa miaka 6 ambaye maswali yake hayana mwisho. Binti alikuwa amesikia kwa wenzake wa kazini habari za mkahawa mmoja wa Kijapani ambamo chakula hupita mbele ya mtu juu ya mkanda, kikizunguka kama mizigo ya mahujaji katika uwanja wa ndege. Jina la mkahawa huo tumelihifadhi, kwani hatukuja kumharibia mtu rizki yake.

Kwa kuwa mama yetu hatoki mara kwa mara, tuliazimia kwanza tumtembeze Mji wa Kale baina ya alasiri na magharibi. Alizaliwa Kibokoni, na amekaa Majengo tangu alipoolewa. Teksi ilitushusha karibu na Ngome, ile Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Teksi yenyewe, kama magari mengi ya mji huu, ilikuwa imetoka Japani ikiwa imetumika, na dereva alipouwasha moto ilitusalimu kwa lugha ya kwao. Mjukuu akauliza imesema nini. Dereva akajibu kwamba ana miaka minne anasalimiwa kila asubuhi na hajui mpaka leo.

Tukaingia Ndia Kuu kwa mwendo wa mama yetu, ambao ni mwendo mzuri kwa mtu anayetaka kuona. Milango ya nakshi iliyobaki aliihesabu kwa majina ya wenyewe, si kwa namba: hapa palikuwa pa fulani aliyeshona kofia, hapa pa fulani aliyeuza halwa, hapa mwanamke mmoja alikuwa akipika mkate wa mofa, na watoto wakifuata harufu hadi mlangoni wakangoja waliovunjika. Katika baadhi ya nyumba hizo sasa mlango wa nakshi umetoweka na badala yake pana geti la chuma. Mama yetu alipita hapo bila kusema neno.

Tulisali alasiri katika Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na mbele yake ng'ambo ya njia pana kisima cha kale. Kila tunapokiona kisima hicho humkumbuka Ibn Batuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki ni wa madhehebu ya Shafi, watu wa dini na amana, na kwamba penye milango ya misikiti yao, iliyokuwa ya mbao, pana visima ambavyo watu huteka maji wakaosha miguu kabla ya kuingia. Akaeleza pia chakula chao: ndizi na samaki ndicho walichokula zaidi, na nafaka ililetewa kutoka bara. Hata zambarau alizitaja, hizi hizi zinazouzwa kwa vikopo msimu wake ukifika. Msafiri yule aliyekula kwenye mabaraza ya wafalme hakuliona dogo kuandika tulichokula sisi.

Kutoka hapo tuliteremka mpaka soko la samaki, kando ya Bandari ya Kale. Ilikuwa ni kaskazi, bahari imetulia, na ijapokuwa jua lilikuwa limeshaanza kushuka na wachuuzi wakubwa wameondoka, juu ya meza za saruji palikuwa bado pana changu, tafi, pono na vipande vya nguru, na pweza mmoja aliyelazwa kama kitambaa kilichorowa. Mama yetu aliinua shavu la changu kwa kidole, akatazama wekundu wa ndani, akabonyeza ubavu, kisha akaitazama jicho. Mchuuzi, kijana wa makamo ya wajukuu zake, alisema, "Shikamoo Bi, huyo ametoka maji ya asubuhi." Mama yetu akamjibu, "Marahaba, mwanangu, naona. Ameshakwambia mwenyewe." Akataka kununua. Binti akamzuia kwa upole, "Nyanya, leo unakula kwangu." Samaki yule akabaki mezani. Tunamtaja kwa sababu tulimkumbuka sana baadaye.

Basi baada ya magharibi tukafika mkahawani.

Tuwe waadilifu kwanza kwa Wajapani, kwani tulilolikuta si kosa lao wote. Sushi katika asili yake si chakula cha anasa. Wazee wao walikuwa wakimlaza samaki aliyetiwa chumvi ndani ya wali kwa miezi, ili asioze, kisha wakamla samaki na kuutupa wali. Ni elimu ileile ya ng'onda wetu na ya papa mkavu, ya watu waliojua kwamba bahari haitoi kila siku. Baadaye ndipo walipoutia wali siki, na mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, ikawa ni tonge la njiani, la kuliwa kwa mkono na mtu aliyesimama. Yaani ndugu yake viazi karai. Na siki yenyewe ni kitoweo ambacho Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikisifu alipoletewa mkate na hapakuwa na kingine cha kuulia.

Ama mkanda, huo ni uvumbuzi wa mtu mmoja wa Osaka, Yoshiaki Shiraishi. Alikuwa na mkahawa mdogo na wafanyakazi wachache, na watu wa viwandani ndio waliokuwa wateja wake, wasio na fedha nyingi. Alipotembelea kiwanda cha bia akaona chupa zinavyopita juu ya mkanda, akawaza: kwa nini sahani zisipite hivyo? Mwaka 1958 akaufungua mkahawa wa kwanza wa namna hiyo, na katika maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka mwaka 1970 umma ukaujua. Husimuliwa kwamba alijaribu kasi mbalimbali mpaka akatulia kwenye sentimita 8 kwa sekunde, polepole kiasi cha mtu kuwahi kuchagua, na upesi kiasi cha kutomchosha anayengoja. Mtu asije akatuuliza kama mkanda ni haramu kwa kuwa uliwaziwa kiwandani mwa bia. Wazo halilevi.

Lakini wazo lile lilikuwa la kumlisha mfanyakazi upesi na kwa bei ndogo. Sisi tulilikuta limevaa nguo nyingine. Viti vilikuwa virefu visivyo na migongo, vimepangwa safu moja kuukabili mkanda. Mama yetu, na buibui lake, alipandishwa juu ya kimoja na watu wawili, akakaa akiwa ameushika ukingo wa meza kama abiria wa mashua katika mkondo wa Likoni. Tulikuwa safu ya watu sita, na kutoka mwisho huu tusingeweza kumwona wa mwisho ule isipokuwa kwa kuinama. Ahli wetu alikuwa wa nne. Alituuliza jambo, nasi tukamjibu baada ya kupokezwa swali na watu wawili katikati.

Sahani zilikuja. Mjukuu alifurahi mno, akaziita treni. Zilikuwa za rangi mbalimbali, na rangi ndiyo bei, jambo ambalo tulielezwa baada ya kwisha kuinua tatu. Juu yake: wali uliofinyangwa, na juu ya wali kipande cha samaki wa rangi ya chungwa, samoni. Tuliuliza ametoka wapi. Norwe, akasema kijana mhudumu, ameletwa akiwa barafu. Ni sawa, kwani samaki wa kuliwa mbichi sharti agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa siku 7 ili minyoo ife. Hilo si aibu bali ni hadhari. Ila tuliingiwa na unyonge kidogo. Kutoka kiti kile mpaka meza ya yule changu hapakuwa na mwendo wa robo saa, na katika mkanda mzima hapakuwa na samaki hata mmoja wa bahari hii. Tuliulizia nguru, tukauliza jodari. Hakuna.

Kisha tukaona zile sahani zinarudi. Tango lilelile, yai lilelile, likiwa na alama ndogo upande mmoja ambayo mjukuu aliitambua na kuisalimu. Watu walikuwa wachache usiku ule, na chakula kikazunguka kikikauka. Mama yetu aliuvunja wali kwa vidole vitatu, akauonja, akasema kwa sauti ya chini, si kwa kulaumu bali kwa kutambua, kama alivyolitambua jicho la samaki: "Wali huu umelala." Karatasi nyeusi iliyouzunguka ilimvutia zaidi. Tulipomwambia ni mwani, akauliza, "Mwani huu wa pwani?" Tukamwambia ni jamii nyingine, si ule unaolimwa Kibuyuni na wanawake wa Kwale wakausafirisha ng'ambo, lakini ni mwani. Alicheka. "Sisi tukiuona umetuganda miguuni." Halafu akachota kijidonge cha kijani kilichokuwa pembeni, akidhani ni chatini ya kotmiri, akakitia kinywani chote. Tusielezee zaidi. Machozi yalimtoka, na kaka mtu akakimbilia maji.

Hapo ndipo tulipouliza lile ambalo tulipasa kuliuliza mlangoni. Kwa Shafi, alhamdulillah, mlango wa vya baharini ni mpana, na samaki mbichi hana ubaya wowote wa kisheria. Majirani zetu Mahanafi huacha pweza na ngisi, na kila mmoja ana hoja yake. Shida si samaki, shida ni viungo. Wajapani wana kitoweo kiitwacho mirini, kitamu, kitokanacho na mchele, na kile cha asili kina ulevi wa takriban asilimia 14. Kijana alikuwa mkweli, Mwenyezi Mungu amjazi. Hakutuambia "ni halali tu, sheikh" kama wengi wanavyosema kwa kukwepa. Aliingia jikoni, akatuletea chupa tuisome wenyewe. Wali ulitiwa siki, sukari na chumvi peke yake. Mirini ilikuwa katika yai, na katika mchuzi mweusi wa samaki wa kuchoma.

Yai. Mjukuu alikuwa ameshakula vipande viwili.

Akatutazama kwa macho makubwa. "Babu, nimelewa?"

Tukamwambia hakulewa, wala hana dhambi, kwa sababu yeye ni mtoto na sote hatukujua. Asukutue kinywa, na sahani ile isiguswe tena. Wasomaji, hasa akina mama mnaoalikwa harusini na mikahawani, muulizeni mpishi kuhusu yai na michuzi kabla ya kukaa, msingoje kama tulivyongoja sisi. Ama mchuzi wa soya na chembe zake, wanazuoni wana maneno marefu, na si mahali pake hapa.

Tulikuwa bado tunaisoma chupa, stima ikakatika. Mkanda ukasimama. Kila mtu akabaki na kile kilichosimama mbele yake, katika giza, na mbele yetu sisi lilisimama yai. Jenereta ilichukua muda kuamka. Na katika giza lile, ewe msomaji, tulitamka neno ambalo twajuta. Tulisema, na safu nzima ikasikia, "Chakula gani hiki cha kumletea mzee?"

Taa zilipowaka binti yetu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja kunja kitambaa cha karatasi. Hakusema kitu. Alikuwa ameshaanza kutoa pochi yake, akihesabu zile sahani kwa rangi zake, na midomo ikitembea bila sauti. Jumla yake ingetosha nguru mzima, na mchele, na nazi za kumpaka.

Mama yetu ndiye aliyezungumza, tena bila kutugeukia, kwa sababu kile kiti hakikumruhusu kugeuka. "Wewe si ndiye uliyewasomesha wanawake Alhamisi kwamba Mtume hakukitia chakula ila? Akikitaka hula, asipokitaka huacha?"

Ndiye sisi. Tulikuwa tumewasomesha hadithi hiyo, aliyoipokea Abu Huraira na imo katika Bukhari na Muslim, tena kwa kirefu. Tuliongeza na kisa cha kenge wa jangwani aliyechomwa akaletwa mbele ya Mtume. Aliuzuia mkono wake, na alipoulizwa kama ni haramu akajibu kwamba si haramu, ila hakuwa katika ardhi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid bin Walid akamvuta akala naye akitazama. Hakumfedhehesha mwenye nyumba, wala hakumzuia mlaji. Siku ile ya Alhamisi tuliona tumesomesha vizuri sana.

Tukateremka kwenye kiti, tukaenda mpaka alipokaa binti yetu, kwa kuwa kutoka pale safuni pasingewezekana kumwambia mtu mmoja jambo. Tukamwomba radhi. Alisema, "Hapana, Baba, hata mimi sikupenda." Kisha akalia kidogo, kisha akacheka kwa sababu ya yai. Alitueleza kwamba alitaka nyanya yake aone kitu ambacho hajapata kukiona. Mama yetu akasema ameona. Mashua ya wali, alisema, na pilipili ya kijani yenye shetani ndani yake. Ana ya kuwasimulia Majengo mwezi mzima.

Kitu ambacho twaweza kukisema bila kukitia chakula ila ni hiki: hatukula pamoja. Ibn Batuta yuleyule, alipokuwa Mogadishu kabla ya kufika kwetu, alieleza wali wa samli ukiletwa ndani ya chombo kikubwa cha mbao, na vitoweo juu yake, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na embe pembeni. Chombo kimoja, watu wanakizunguka. Pale mkahawani watu walikaa kitako na chombo kikawazunguka wao. Labda kwa mfanyakazi wa Osaka aliyetoka zamu peke yake, mwenye dakika ishirini, hiyo ni rehema. Kwa bibi kizee aliyelelewa juu ya mkeka, mkono wake ukigusana na mikono ya ndugu zake ndani ya sinia, na mama yake akimsukumizia mnofu upande wake bila kusema, sahani inayopita ikampita ni jambo geni. Alikuwa akiona haya kuinyakua. Tulikuja kujua baadaye kwamba sahani zote mbili alizokula zilikuwa zimeinuliwa na mjukuu.

Tulitoka saa mbili na nusu usiku, matumbo matupu. Hakuna aliyetamka neno njaa. Mvulana ndiye aliyetamka.

Tuktuk mbili zikaturudisha Mji wa Kale. Usiku pale una uhai wake: wanaume kwenye mabaraza na vikombe vya kahawa chungu, watoto na mabuyu mekundu yanayopaka vidole, na wanawake nje ya milango yao na makarai ya mafuta. Tulisimama kwa mmoja wao, mama mwenye leso ya manjano, ambaye alikuwa akichovya viazi katika unga wa rangi na kuviachia mafutani kwa mkono mtupu, bila kutazama. Tukaagiza viazi karai, bajia za kunde, mishkaki kwa jirani yake, na chatini ya ukwaju. Mama yule alimwona mama yetu, akainuka akampisha kiti chake cha plastiki, kifupi, chenye mgongo. Halafu akaingia ndani akatoka na sinia, kwa sababu, alisema, watu wa nyumba moja hawagawiwi karatasi karatasi.

Binti alilipa. Alisisitiza, na tulimwachia, kwani mwaliko ulikuwa bado wake. Chenji iliyorudi mkononi mwake ilimfanya aitazame mara mbili.

Mama yetu alikula viazi vitano. Alipokiinua cha sita alikishika kidogo karibu na taa, akakipeleka mkono taratibu mbele ya uso wa mjukuu kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kasi ya mkanda, na mvulana akakidaka kwa meno. Mama mwenye karai alituuliza tumetoka wapi usiku huu na nguo nzuri. Hakuna aliyejibu mara moja. Kisha mama yetu akamwambia tumetoka Japani.

Tulipofika nyumbani alishikwa mkono kupanda ngazi, binti upande mmoja na sisi upande wa pili. Katika ngazi ya tatu alipumzika, akamgeukia binti.

"Na mshahara wa mwezi ujao," alisema, "utatupeleka wapi?"